Mguu Mwepesi wa Hilaire

"Sikugusa contact, sikugusa ufunguo," Hilaire alisema. "Mama Inspecteur, utaniuliza mpaka utachoka. Gari ilijizima, kiisha ikajiwasha. Mi sikugusa kitu."

Inspekta Consolée hakuandika kitu. Jibu hilo alikuwa amelisikia tangu siku alipokabidhiwa kesi hii, na kila aliporudi kwenye cachot ya polisi ya Masisi, chumba cha mbao kinachonuka mikojo, alilikuta palepale. Gari lilijizima, gari likajiwasha. Nenda kamwambie hakimu maneno hayo, naye atakuuliza umekunywa nini.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Joséphine-Marie, mke wa Papa Kataliko, yule mfanyabiashara wa kabila la Wanande mwenye duka na malori hapa Masisi, alikuwa anashuka Sake kutafuta bidhaa kwa jeep ya nyumbani. Alikuwa na Hilaire peke yake. Hilaire ni mtu wa msituni, wa Walikale, na amemwendeshea Kataliko malori tangu ujana wake. Kufika Bihambwe wakakuta bariyeri, kamba ya watu wenye bunduki. Jeep ikasimama, motere ikanyamaza. Halafu motere ikawaka ghafla, na kijana wa bariyeri akafyatua. Mama akafa. Shofere hakupata hata mkwaruzo, na hapo ndipo midomo ya mji ilipofunguka: shofere amemuuza bibi ya tajiri wake.

Tangu vita virudi, kila mtu wa barabara ile anaijua sheria ya bariyeri ingawa hakuna aliyeitunga. Unasimama, unazima motere. Motere ikinyamaza, umekubali kuwa mikononi mwao. Ukiiwasha kabla kamba haijashuka, unakimbia, na anayekimbia haulizwi jina.

"Basi nisaidie, kaka," Consolée alisema. "Gari inajizima sababu ya nini?"

"Inafanyaka vile."

"Inafanyaka? Uliisha kuiona ikifanya vile mbele ya ile siku?"

Hilaire akaangalia miguu yake. Alikuwa mtu mrefu, mwenye magoti makubwa, na namna alivyokaa kwenye sakafu ile ilimfanya aonekane amekunjwa. Kwenye kiwiko chake cha mkono kulikuwa na uzi mweusi. Mji mzima ulikuwa umeshaamua kwamba uzi ule ni dawa ya kujikinga risasi, na Consolée, Mungu amsamehe, alipoteza siku nzima akiufuata, mpaka Mapendo, mke wa Hilaire, alipomwambia kwa hasira kwamba kwao Walikale mtu akifiwa na baba, wazee humfunga uzi, na baba yake Hilaire alikufa wakati wa mavuno. Ndiyo hiyo dawa yao.

"Hilaire, wenye bunduki wanakuja kukuchukua kesho muchana. Unajua?"

"Najua."

"Na unajua wenye wanachukuliwa na lori yao hawafikaka Goma."

"Najua, Mama."

"Na hauna neno lingine."

"Nilikwambia yote yenye naweza kusema," Hilaire akajibu, na Consolée akaondoka na maneno hayo kichwani. Yote anayoweza kusema. Hakusema yote anayojua.

Nje, Komanda Lévi, mkubwa wake, alikuwa anakunywa chai. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu, na wale wenye bariyeri, watu wenye bunduki nyingi kuliko zake, walikuwa wamemwomba mfungwa.

"Consolée, usinitazame vile. Wanataka muntu mwenye kosa, na Kataliko mwenyewe njo alimushitaki. Kataliko akija hapa kwangu, mbele ya lori kufika, aseme shofere yake hana kosa, nitakuwa na kitu cha kuwajibu. Bila Kataliko sina kitu. Weye unajua."

Alijua. Akapanda pikipiki akateremka Bihambwe.

*

Mkuu wa bariyeri aliitwa Viateur. Alimpokea kwa adabu, akamtafutia kiti. Bariyeri ilikuwa kamba iliyofungwa matambara, imekatiza barabara mara tu baada ya kona.

"Hii kamba inakaaka hapa siku zote?" Consolée aliuliza.

"Hapana. Zamani ilikuwa kule chini, karibu na centre, kwenye maduka. Tulileta huku asubuhi ya ile siku. Watu walizoea kutuona toka mbali, wanageuka."

"Kwa hiyo mwenye anatoka Masisi, akipita Muheto, anaikuta ghafla."

"Njo sababu yenyewe."

"Kijana mwenye alipiga iko wapi?"

"Walimupeleka mbele, kwenye vita, upande wa Walikale." Viateur alisema hivyo bila kupepesa macho. Maana yake usimtafute.

"Weye ulimuona shofere akiwasha?"

"Nilisikia. Mi nilikuwa ndani ya nyumba, pale. Nilisikia gari inafika, nikasikia inanyamaza. Nikasema sawa. Kisha nikasikia motere, nikasikia risasi. Nikatoka."

"Ukaona nini?"

"Mama iko mbele, ameisha kulala juu ya kifua, sikuangalia zaidi. Shofere anasimama inje, mikono juu, karibu na mulango yake."

"Mulango gani? Nionyeshe. Tuseme gari ni hii pikipiki yangu, imetazama Sake."

Viateur akazunguka pikipiki, akasimama upande wa kushoto, akainua mikono juu kidogo, kama mtu anayeona haya kuigiza. "Hapa. Mulango ya shofere, upande wa kushoto. Inaweza kuwa upande gani mwingine?"

Consolée akamshukuru. Hakuwa na la kumuuliza zaidi, na kijana aliyefyatua hatamwona maisha yake yote. Kazi ya upelelezi wakati wa vita ni hiyo: unahoji wale waliosikia, kwa sababu walioona wamepelekwa mbele.

*

Alasiri alikuwa katika uwanja wa Papa Kataliko. Jeep ilisimama chini ya mabati, imeoshwa. Ndugu wa marehemu walikuwa wameiosha kabla polisi hawajaigusa, na nani angewakataza? Kutoka Bihambwe ilirudi ikivutwa na lori, na tangu siku hiyo hakuna aliyeiwasha.

Kataliko mwenyewe alitoka nyumbani na msalaba mdogo kifuani, macho yamevimba. "Fanya kazi yako, Mama Inspecteur. Mi niko hapa."

Consolée akafungua mlango wa kushoto, akakaa ili ashike usukani. Mbele yake hapakuwa na usukani. Palikuwa na kisanduku cha kuwekea vitu vidogo. Usukani ulikuwa upande wa pili.

Akageuka kuutazama mlango alioingilia.

"Hii ni ya Japani," Kataliko alieleza. "Volant iko kuume. Niliichukua Goma, ni otomatiki. Shida gani?"

"Hapana shida, Papa."

Shida ilikuwapo. Viateur alimkuta Hilaire kwenye mlango wa kushoto, akauita mlango wa shofere kwa sababu magari aliyozoea ndivyo yalivyo, kumbe katika gari hili huo ni mlango wa abiria. Lakini inawezekana pia Hilaire alizunguka gari baada ya risasi, ama alitambaa akatokea kushoto. Mtu mwenye woga hupita popote. Consolée hakutaka kufurahi mapema. Akahamia kulia, akavuta mkanda, akawasha, akauliza kama anaweza kuzunguka mji kidogo.

Yeye mwenyewe alijifunza kuendesha Goma, ukubwani, na hakuwahi kuwa fundi. Kwa breki alikuwa na tabia moja tu: kukanyaga mpaka mwisho. Alipofika kwenye njia ya kanisa akakanyaga kuwapisha mbuzi, na gari likasimama vizuri, motere inaunguruma. Alipokuwa anarudi, motere imeshapata moto, akasimama mbele ya lango la Kataliko, mguu umelala wote juu ya breki.

Motere ikazimika.

Hakugusa kitu. Kwenye dashibodi mbele yake kulikuwa na taa ndogo ya kijani, herufi A iliyozungushiwa mshale. Akageuka kumwangalia Kataliko aliyekuwa amesimama langoni, na katika kugeuka mguu ukalegea. Motere ikawaka yenyewe.

Consolée akaiona taa ikizimika. Akarudia. Akakanyaga kwa nguvu: kimya. Akaachia: motere. Akakanyaga kidogo tu, gari lisimame bila kulibana: motere ikaendelea kuunguruma, haikujali. Akarudia mpaka akawa na hakika. Gari lilitengenezwa hivyo, ili lisile mafuta likiwa limesimama, na linafuata mguu. Mguu mzito unalilaza, mguu ukiinuka linaamka. Huko Japani linaokoa mafuta. Huku kwetu linafanya kilekile ambacho kijana wa bariyeri amefundishwa kukipiga risasi.

"Papa Kataliko, hii gari inazimaka hivi?"

Kataliko alikuwa ameona yote, naye alishangaa kweli. "Hata siku moja. Niko natembea na Hilaire kila juma, Goma, Sake, kila mahali. Kwa Hilaire haijazimaka hata siku moja."

*

Asubuhi Komanda Lévi alikubali, kwa kunung'unika, Hilaire atolewe cachot kwa muda. Polisi wawili wakamleta uwanjani kwa Kataliko. Mapendo akafuata nyuma na sufuria ya chakula ambacho mume wake hakuwa ametaka kukila. Kataliko hakutoka nje; alisema hataki kumwona mtu yule.

Hilaire alipoingia kwenye kiti cha usukani magoti yake yaligonga chini ya usukani, akajikunja. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele sana. Consolée, aliye mfupi, alikikuta kinamfaa jana, na hakukigusa. Alikitazama, akamwacha Hilaire akisogeze nyuma.

"Endesha. Simama pale kwenye pipa. Endesha tena. Simama."

Hilaire akaendesha na kusimama, akaendesha na kusimama. Motere ilishapata moto na haikuzimika. Consolée alikaa kando yake akiangalia mguu ule. Haukukanyaga, uligusa. Uligusa, ukaachia, ukagusa, gari likapungua mwendo lenyewe, na mwishoni lilipotaka kusimama mkono wake ulikuwa umeshavuta breki ya mkono.

"Nani alikufundisha kufunga frein namna hii?"

"Barabara ya Walikale," Hilaire akasema, na kwa mara ya kwanza uso wake ulifunguka kidogo. "Kule ni matope, lori imejaa. Ukikanyaga mara moja, lori inalala mu bonde na weye ndani. Unaiomba pole pole."

"Na bariyeri ikitokea ghafla? Hapo hauombi, hapo unakanyaga."

"Labda."

"Labda nini? Ile siku ulikanyaga?"

Hilaire akavuta breki ya mkono. Consolée akashuka, akamwambia azunguke duka na kurudi langoni. Hakumweleza mtu. Akajibanza nyuma ya ukuta wa duka, akasikiliza jeep ikija, na ilipokaribia kona akatoka katikati ya njia.

Mapendo alipiga kelele. Jeep ilikuja, ikainama, ikatetemeka mara tatu nne kwa ule mguso wake mwepesi, ikasimama karibu na magoti ya Consolée. Nyuma ya kioo uso wa Hilaire ulikuwa umepoteza rangi. Motere ilikuwa inaunguruma.

Hata kwa woga, hata pale ambapo mtu hana muda wa kufikiri, mguu wake ulikuwa uleule.

Consolée akaingia ndani, akafunga mlango, akaongea kwa sauti ya chini.

"Sikiliza, kaka. Ile siku motere ilizimika. Viateur alisikia, na weye mwenyewe unakubali. Kwa mguu yako haizimaki. Viateur alikukuta upande wa kushoto. Hiki kiti kilivutwa mbele na muntu mufupi, na waliovuta gari toka Bihambwe hawakuwa na sababu ya kukisogeza. Hauko weye mwenye alikuwa anaendesha. Mama Joséphine-Marie njo alikuwa anaendesha."

Hilaire akaweka kichwa juu ya usukani. Hakulia kwa sauti. Mabega tu.

"Aliniapisha nisimwambie muntu," alisema baadaye. "Ile vita ya kwanza, Mama na watoto walikimbia toka Bihambwe. Shofere wa ile siku aliruka, akaingia mu migomba, akawaacha ndani ya gari katikati ya risasi. Alibaki anashika volant na hajui kitu. Akaniambia, Hilaire, vita iko narudi, sitaki kufa sababu sijui kuendesha. Nilikuwa namupa volant kule Muheto, kwenye malisho, hakuna watu. Mbele ya kufika bariyeri tunabadilisha viti. Siku zote. Lakini ile kamba waliisogeza."

"Na motere ulimwambia?"

"Nilimwambia. Mguu yake ilikuwa nzito, gari ilikuwa inamuzimikia kila saa, tulikuwa tunacheka. Nilimwambia, Mama, ikinyamaza usiamini, haijalala, iko nasikiliza mguu yako. Pale Bihambwe alisimama muzuri. Ikanyamaza. Yule kijana akasema, carte ya utambulisho. Mama akainama kuchukua sac yake ya mukono chini." Akaonyesha sakafu ya gari, kando ya miguu yake. "Alisikia kimya, akafikiri ni kimya ya kweli. Akainua mguu."

"Sasa sababu ya nini haukusema? Weye una bibi, una watoto. Wanakuja kukuua."

"Niseme nini? Miye na bibi ya tajiri yangu, tuko wawili, kule malishoni, wiki kwa wiki, na bwana yake hajui? Uliza kama mji wetu utasema ni masomo." Akainua kichwa. "Mama iko mu kaburi. Hawezi kujitetea. Usimwambie Papa Kataliko. Nakuomba, Mama."

"Nikikaa kimya unakufa."

Hilaire akafungua mlango. Polisi wakamshusha wakamrudisha, na Mapendo akafuata tena na sufuria yake.

*

Consolée alimkuta Kataliko sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria. Alimwambia yote, kwa kufuata mpango: kwanza mguu, kisha mlango wa kushoto, kisha kiti, na mwisho masomo ya Muheto. Kataliko alisikiliza bila kumkatiza.

"Bibi yangu hakujua kuendesha," alisema.

"Alikuwa anajifunza, Papa."

"Sababu ya nini hakuniomba miye?"

"Hakukuomba?"

Kataliko akainua macho kwenye picha ya Bikira. Consolée aliona kumbukumbu ikimfika. Aliombwa. Pengine alicheka, pengine alisema mwanamke wa nyumba yake akishika usukani watu watadhani Kataliko ameishiwa na mashofere.

"Walikuwa wawili tu," Kataliko akasema.

"Ndiyo."

"Mara mingi."

"Papa, kijana wa watu atakufa leo muchana. Njoo tuende kwa Komanda. Useme tu kwamba Mama njo alikuwa anaendesha, na gari inajizima yenyewe. Mi nitawaonyesha. Hakuna lingine."

"Hakuna lingine," Kataliko akarudia. "Weye uko na akili, Mama Inspecteur, lakini unatoka Goma. Nikisema ile neno, kesho sokoni watasema nini? Watasema bibi ya Kataliko alikuwa na shofere yake mu malisho. Nilimuzika na Padri, na kwaya, na nguo nyeupe. Watoto wangu wanabeba jina lake."

"Na watoto wa Hilaire?"

Kataliko akasimama. Consolée alidhani anakwenda kuchukua koti, akainuka naye, moyo ukampanda. Lakini mzee alitoka mpaka chini ya mabati, akaingia kwenye jeep, akakaa kwenye kiti alichofia mke wake. Akawasha. Akaiacha iungurume muda mrefu, kisha akaitia gia, akakanyaga breki mpaka mwisho.

Motere ikanyamaza.

Akainua mguu. Ikawaka.

"Papa Kataliko," Consolée aliita dirishani. "Nakuomba kama mutoto wako. Muda unakwisha. Twende."

Akakanyaga. Ikanyamaza. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye ndevu na hakuyafuta. Akainua mguu, akashtuka motere ilipowaka, alishtuka kweli ingawa alijua, na mkono wake ukaenda kifuani, pale ambapo risasi ilimwingia mke wake.

"Aliogopa," alisema. "Alisikia hii, akaogopa. Si hivyo?"

"Ndiyo, Papa. Shuka, twende tumuambie Komanda vile vile ulivyosema sasa."

Kataliko akatikisa kichwa. Akarudisha mguu kwenye breki, mzito, akaubakiza hapo.

Lori lilitokea upande wa polisi. Nyuma yake, kati ya watu wenye bunduki, alikaa mtu mrefu aliyekunja magoti, na nyuma kabisa barabarani mwanamke alikuwa anatembea haraka akibeba sufuria. Motere ya jeep ilikuwa imenyamaza, kwa hiyo wote wawili walilisikia lori vizuri likipita mbele ya lango, likibadilisha gia, likishika njia ya Bihambwe.